Dawa Huachwa Mtu Akipata Nguvu

Mgonjwa wa kifua kikuu hana shida miezi miwili ya mwanzo. Usiku anarowa jasho, kikohozi hakimpi nafasi ya kulala, suruali inamvuka. Mwambie ameze vidonge vitatu atameza, mwambie vinne atameza. Anayetutoa roho ni wa mwezi wa tatu. Kikohozi kimekatika, mashavu yamerudi, wali anauonea utamu, na siku unayopita kwake kumjulia hali unaambiwa: "Katoka." Katoka kwenda wapi? "Kazini."

Mimi ni mhudumu wa afya wa kujitolea, upande wa mashariki wa Wilaya ya Wete, kisiwani Pemba. Nilianza na Jamii ni Afya, ule mpango wa kutembea nyumba kwa nyumba na simu mkononi kuwaangalia wajawazito na watoto wadogo. Wagonjwa wa TB nilikabidhiwa baadaye, na ikawa kheri, maana nikiingia uani kwa mtu jirani hajui nimefuata nini. Anadhani kuna mimba. Nimewahi kuulizwa sokoni kama bibi fulani, mtu wa miaka sitini na ushei, kanasa. Nikacheka tu. Afadhali wadhani hivyo.

Kwenye semina tunaambiwa watu wanaacha dawa kwa kukosa elimu. Nimeisikia sentensi hiyo mpaka najua wakati wake, huja baada ya chai ya saa nne. Sisemi ni uongo. Lakini wengi ninaowafuatilia wanaweza kukusomea somo lote bila kukosea, na bado wakaondoka. Mtu anayekohoa damu hana pa kwenda. Aliyepata nguvu anaitwa na kila kitu: deni, shamba, chombo, watoto wa skuli. Dawa inaachwa kwa sababu imefanya kazi.

Somo lenyewe si gumu. Miezi miwili ya mwanzo mgonjwa anameza dawa nne zilizounganishwa ndani ya kidonge kimoja: rifampisini, isoniazidi, pirazinamidi na ethambutoli. Miezi minne inayofuata zinabaki mbili za mwanzo. Idadi ya vidonge inafuata uzito. Mtu mzima wa kilo 38 hadi 54 anameza vitatu, akifika 55 vinakuwa vinne, ndiyo maana mzani wa kituo haukuwekwa pale kwa pambo. Vijidudu vya TB vinazaliana polepole mno, kimoja kinaweza kuchukua karibu siku nzima kugawika, wakati vijidudu vingine hufanya hivyo kwa dakika. Vile vinavyohangaika vinauawa wiki za mwanzo, ndipo homa inashuka na mtu anajiona mzima. Vinavyobaki vimelala, na dawa haivipati mpaka viamke. Ni moto wa makumbi: ndimi huzioni, moshi huuoni, ukatia mkono ndipo unajua. Na anayeacha njiani anaweza kurudiwa na vijidudu vilivyokwisha kuizoea dawa. Tiba ya TB sugu zamani ilipita mwaka mmoja na nusu, na sindano zake zimewaacha baadhi ya watu viziwi. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa wengi wao tiba ya vidonge vitupu ya miezi sita. Ni nafuu kubwa, ila hakuna wa kuitamani.

Haya yote mvuvi mmoja wa Kojani aliyajua.

Asiyeijua Kojani, ni kisiwa kidogo pembeni mwa Pemba, unavuka kwa chombo, na nyumba zimebanana hata ukipiga chafya jirani anakuombea. Wanaume wake ni wavuvi wa kupigiwa mfano, na kama wavuvi wengi wa Pemba wanakwenda dago. Wanaweka kambi pwani za watu, Tanga, Mafia, wengine mpaka Kenya, wanavua, wanauza, wanarudi baada ya miezi. Huko ndiko kunakotoka pesa ya kuezeka nyumba, ya mahari na ya kulipa madeni. Huyu bwana alikuwa ameanguka kitandani, na kwa muda wote huo mkewe alikuwa akikopa dukani. Aliposimama kwenye mzani na kuambiwa uzito umepanda, alifurahi kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba wenzake walikuwa wanatengeneza nyavu.

Nilipomfikia alinisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu. Kisha akasema: "Dada, mie nimekuelewa. Sasa na wee nielewe. Mwenye duka keshaniandikia ukurasa wa pili."

Mtu akikwambia hivyo, kumtajia vijidudu ni kumtukana.

Muuguzi wetu, ambaye ana maneno machache na akili nyingi, hakujaribu kumzuia. Kitu cha kwanza aliuliza dago liko wapi. Tanga. Akamwandikia barua ya kuhamia kliniki ya huko, akapiga simu kabisa kuwaambia anakuja mtu, akampa dawa za kumvusha mpaka atakapofika, na kadi yake ya matibabu akaiandika vizuri, tarehe ya kupimwa kohozi mwezi wa tano wa tiba ikiwa imezungushiwa kalamu nyekundu. Dawa za TB ni bure kwetu na ni bure bara, hilo halina mjadala. Kigumu kilikuwa nani atamwangalia. Nyumbani msimamizi wake wa dawa alikuwa mkewe. Dagoni hakuna mke.

Kuna nahodha. Lakini kumpa nahodha kazi hiyo ni kumpa na siri, na siri ni ya mgonjwa. Sikuwa na haki ya kuitoa mie wala muuguzi. Alifikiri siku nzima, kisha akamwita nahodha wake pembeni, penye kivuli cha chombo kilichopandishwa pwani, akamweleza. Nilikuwepo kwa kuombwa. Nahodha alikaa kimya kidogo, halafu akasema: "Kumbe kile kikohozi! Mie niliogopa kukuuliza." Swali lake la pili lilikuwa la maana zaidi: je, vijana wangu? Nikamwambia ukweli. Mgonjwa akishameza dawa sawasawa kwa kama wiki mbili, hatari ya kuambukiza hushuka sana, na huyu kohozi lake la mwezi wa pili limetoka safi. Wa kuhofiwa ni waliolala naye banda moja msimu uliopita, kabla hajajijua. Wawili kati yao walikuwa wakikohoa. Walitoa makohozi kabla ya kusafiri, na hawakuonekana na kitu.

Halafu kuna jambo ambalo sikuwahi kulifikiria mpaka nahodha alipolisema. Tulimwandikia ameze asubuhi kabla ya kula. Wavuvi wa taa asubuhi yao haipo. Wanavua usiku wa giza, wanashusha samaki alfajiri, wanalala jua likipanda. "Asubuhi" ya kadi ingempita amelala. Tukabadilisha: chombo kikigusa pwani, kabla ya chai, nahodha anatoa kopo la Blue Band. Ndani ya kopo mna vidonge kwenye karatasi zake, havijachopolewa, na kadi imezungushiwa nailoni isiingie maji ya chumvi. Mfuniko umebana. Kopo linakaa kwa nahodha, pamoja na daftari lake la mapato, kwa hiyo siku isiyofunguliwa kopo inajulikana kama siku isiyouzwa samaki.

Kohozi la mwezi wa tano alilitoa kliniki ya huko. Akanibipu, nikampigia, akaniambia "safi" kisha akaanza kunieleza bei ya dagaa.

Si kila safari inakwenda hivyo. Msimu wa karafuu ulinipokonya kijana mmoja wa kuchuma. Karafuu hazingoji mtu, zinatakiwa zichumwe kabla hazijachanua, na mchumaji analipwa kwa alichochuma, kwa hiyo siku ya kwenda kituoni ni siku isiyo na ujira. Huyu alikuwa anahama kambi kwa kambi, simu hana, kila nikifika shamba moja naambiwa jana kahamia jingine. Aliyekatiza dawa miezi miwili mfululizo anaandikwa kwenye rejista kuwa amepotea. Alirudi mwenyewe, karafuu zilipokwisha, na kikohozi chake. Na kituo alichokwenda, sikitaji, aliyempokea alimfokea mbele ya foleni nzima: serikali inakupa dawa bure unaichezea. Kesho yake hakurudi. Ilibidi nimfuate kwao, nikae na mama yake tukichambua mchele, mpaka akatoka chumbani. Kohozi lake likapimwa kwa ile mashine ya Jinieksipati, ambayo kwa muda usiofika saa mbili inasema kama vijidudu vipo na kama rifampisini bado inaviweza. Ilikuwa bado inaviweza. Alianza upya na akamaliza. Lakini nikiulizwa nini kilikaribia kumuua, sijui nitaje karafuu au nitaje ile foleni.

Sasa nije kwenye samaki, kwa sababu hili semina hazilisemi na sisi huku tunaishi kwa samaki. Isoniazidi inauzuia mwili kuvunja kitu kiitwacho histamini. Samaki wa jamii ya jodari na vibua, hasa akiwa amekaa bila barafu, anakuwa na histamini nyingi. Mgonjwa anameza dawa, mchana anakula jodari wa jana, na baada ya muda mfupi uso unamuiva, kichwa kinagonga, moyo unaenda mbio, mwili unawasha. Wenzake waliokula sinia moja wazima. Hapo atasema nini? Atasema dawa inamdhuru, au kuna mtu kamfanyia kitu. Nimemkuta baba mmoja kavitia vidonge kwenye mfuko wa kanzu iliyotundikwa, kaacha siku kadhaa, kwa ajili ya kibua. Tulikwenda naye kituoni, akaangaliwa, akaelezwa. Siku hizi mie swali hili naliuliza mwanzo kabisa: bwana, unakula samaki gani, na anafika kwako saa ngapi tangu kuvuliwa? Changu na tasi wa leo, kula. Jodari na kibua, vipumzishe mpaka umalize dawa, na ukiona dalili hizo nenda kituoni usiache dawa kimyakimya.

Zipo nyingine za kusema mapema. Mkojo unageuka rangi ya machungwa, na jasho pia, kwa rifampisini. Asiyeambiwa atadhani anakojoa damu. Viungo vinaweza kuuma. Miguu ikianza kufa ganzi kuna vitamini yake. Macho yakiwa manjano, au kuona kukififia, hapo hakuna kungoja kesho. Na kwa wanawake, rifampisini inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango na ya vijiti vya mkononi. Bibi mmoja alishika mimba katikati ya tiba, kijiti kiko mkononi mwake, na katika wote tuliomhudumia hakuna aliyekuwa amemtajia. Alimaliza dawa na mtoto akazaliwa salama, lakini mumewe mpaka leo anamtania kwamba yule mtoto ni wa TB.

Kuhusu Ramadhani nitasema kwa kifupi. Ruhusa ya mgonjwa kufungua imo ndani ya Surat al-Baqara, kila mtu anaijua, na bado wapo wanaofunga na homa kwa kuona haya kula mchana wenzao wamefunga. Aliyekonda, wa miezi ya mwanzo, tunamuomba aitumie ruhusa yake. Aliyepata nguvu na akang'ang'ania kufunga hatugombani naye. Anaamka mapema kidogo kabla ya daku, anameza, anangoja, anakula. Imamu wetu alilisema hilo kwenye darsa baada ya alasiri bila kumtaja mtu, na likaingia kuliko mabango yote. Kombe, yale maji ya aya zilizoandikwa, nalo vivyo hivyo. Mtu anataka kunywa kombe lake, anywe. Ninachokataa ni mizizi ya kuchemsha, kwa sababu ini la mtu huyu tayari lina kazi, na mizizi mingine hakuna anayejua inalifanyia nini.

Kinachoniuma zaidi ni sinia. Huku kwetu tunakula pamoja, mikono inakutana katikati. Siku mtu anapogunduliwa anatengewa sahani, kikombe, kijiko, wakati mwingine na jamvi lake, anakula kwenye baraza la nyuma. Wanaofanya hivyo si wabaya, wanaogopa. Lakini TB haipiti kwenye sahani. Inapita kwenye hewa ya chumba kilichofungwa, mtu akikohoa, na wengine wanaivuta. Nyumba ile ile iliyomtengea kikombe inalala naye chumba kimoja, dirisha limezibwa na gunia kwa kuogopa baridi ya kusi. Nikiingia nyumba ya namna hii sianzi na mgonjwa. Naanza na dirisha. Natoa gunia, nawaeleza, kisha nakaa nao kula, na mgonjwa aliyekwisha maliza wiki zake za mwanzo za dawa namvuta aje akae upande wangu. Mara nyingi mama mkwe ndiye wa mwisho kukubali. Nilipata mmoja aliyechukua sinia lake akahamia jikoni, na hakurudi wiki nzima.

Watu wachache wanajua kwamba namna dunia inavyotibu TB leo imetokea hapa hapa Tanzania. Mpango wa taifa wa kifua kikuu na ukoma ulianza bara mwaka 1977, na daktari aliyeshirikiana nao, Karel Styblo wa Chekoslovakia, mwenyewe aliwahi kuugua TB akiwa kwenye kambi ya mateso ya Mauthausen wakati wa vita vya pili vya dunia. Walionesha kwamba nchi maskini inaweza kuponya wagonjwa wake wengi kwa dawa zisizokatika, rejista iliyoandikwa vizuri na mtu wa kumwangalia mgonjwa akimeza. Katika miaka ya 1990 Shirika la Afya Duniani likaupeleka mfumo huo kila mahali. Tuna haki ya kujivunia. Ila nadhani lile la kumwangalia mgonjwa akimeza tumelishika zaidi kuliko mengine. Kumkodolea mtu macho ameze ni kazi ya dakika. Kumuuliza leo atakula nini ni kazi nyingine, nayo haina safu kwenye rejista.

Maana njaa inaachisha dawa vilevile. Dawa ikianza kufanya kazi hamu ya kula inarudi kwa fujo, na kumeza vidonge vinne tumbo tupu kisha usipate kitu mpaka adhuhuri si jambo la mchezo. Mwaka 2023 yalitoka matokeo ya utafiti uliofanywa Jharkhand, India, ambako familia za wagonjwa zilipewa chakula kila mwezi. Kwa watu wa nyumbani walioishi na mgonjwa, waliougua TB walipungua kwa kiasi cha asilimia 40. Chakula tu. Mwaka huo huo watu milioni 10.8 waliugua TB duniani na milioni 1.25 wakafa, na nusu ya nyumba zenye mgonjwa zinatumia au zinapoteza zaidi ya asilimia 20 ya kipato cha mwaka kwa ajili ya ugonjwa ambao dawa yake ni bure. Nauli ya kwenda kituoni na kurudi, kwa watu wa visiwani wanaolipa chombo kisha gari, ni kitoweo cha siku. Sisi hatuna mfuko wa chakula. Tunacho kikoa cha akina mama, ambacho kikipata kinampelekea mgonjwa mchele na dagaa, na msikiti wakati wa zaka. Mara mbili tatu nauli imetumwa kwa simu na mtoto wa mtu aliye Unguja, baada ya mie kumwambia kwamba baba anahitaji nauli kuliko anavyohitaji kuulizwa kama kameza.

Yule mvuvi alirudi kutoka dago ukurasa wa duka ukiwa umefutwa na kadi yake imepigwa muhuri wa kumaliza. Nilidhani nyumba ile nimeimaliza. Kumbe bado, kwa sababu ana binti wa miaka mitatu aliyekuwa akilala naye ubavuni wakati wote ule wa kukohoa. Mtoto wa umri huo akiishi na mgonjwa wa TB na mwenyewe haugui, anapewa dawa ya kinga. Siku hizi ni vidonge vya kuyeyusha kwenye maji, vina ladha ya matunda, miezi mitatu. Mtoto hana tabu, anavidai mwenyewe. Mwenye tabu ni bibi yake, ambaye haelewi kwa nini mtoto mzima, anayecheza, anayekula, ameze dawa za maradhi asiyonayo. Mama akienda kuchuma mwani, bibi anakificha kidonge.

Juzi nilimkuta baba mtu kakaa naye barazani, anamweleza mambo ya makumbi. Nilimsikia akisema: "Mama, mie mwenyewe nilijiona mzima." Bibi akamjibu kwamba yeye alikuwa mvuvi na mtoto si mvuvi, hoja ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuijibu. Tumekubaliana kopo la Blue Band lihamie kwa baba, na bibi akabidhiwe kikombe cha kuyeyushia.